Hayo majabali ya Iringa yalitoka wapi, na je nijenge chini yake?

Swali: "Shikamoo mzee. Nimenunua kiwanja hapa Iringa kwenye mteremko unaoangalia mto Ruaha Mdogo, ukisimama unaiona Ipogolo yote kule chini. Juu ya kiwanja kuna majabali makubwa yamebebana, moja limekaa juu ya wenzake kama kuna mtu kalipachika. Bibi anasema yalidondoka kutoka mbinguni kama kile kimondo cha Mbozi, fundi wangu anasema ni volkano iliyarusha. Yalitoka wapi kweli? Naweza kujenga chini yake nikalala usingizi? Na kisima nitapata maji?"

Marahaba kijana wangu, kamwene (ndo salamu ya Kihehe). Kwanza hongera kwa kuuliza mapema, maana simu nyingi ninazopokea mimi ni za watu ambao nyumba imeshafika kwenye lenta na nyufa zimeshaanza kuchungulia. Kazi yangu ni miamba, hizi nyanda za juu nimezitembea miaka mingi na nyundo mkononi, kwahiyo ntakujibu kirefu kidogo uvumilie. Mambo ya kiwanja yapo huko mbele ila huwezi kuyaelewa vizuri kama hujajua hayo mawe yamefikaje hapo.

Tuanze na bibi, kwa heshima yake. Kile kimondo cha pale Ndolezi, Mbozi, ni kweli kilidondoka kutoka juu, bibi hajatunga. Lakini kile ni chuma, yani kama asilimia 90 chuma halafu kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli, tani 16 hivi kwenye kitu chenye urefu wa mita 3 tu. Ukikigonga unasikia chuma, ukipeleka sumaku inang'ang'ania. Sasa nenda kwenye kiwanja chako, tafuta kipande cha jiwe kilichovunjika karibuni ambacho hakijaota ukungu wala kugeuka rangi na jua, kilowanishe na maji kidogo halafu kisogeze karibu na jicho. Utaona punje. Kuna nyeupe au za pinki zenye sura bapa zinazometa ukigeuzageuza, hizo ni feldispa, kuna za kijivu kama vioo vya chupa, hizo ni kwatzi, na kuna vijipande vyeusi vya kung'aa ambavyo unaweza kuvibandua kwa ukucha kama magamba ya samaki, huo ni ulanga. Hayo ni graniti na binamu yake naisi (naisi ni kama graniti iliyokandwa, punje zake zimejipanga mistari mistari). Hakuna hata kimoja hapo kilichotoka mbinguni.

Fundi naye. Volkano tunazo huku kusini, ila si hapo. Panda gari uende Mbeya, ukishavuka Uyole kushuka Tukuyu unaingia kwenye nchi ya volkano kabisa, mlima Rungwe wenyewe, ziwa Ngozi limekaa ndani ya kreta, yani shimo la mdomo wa volkano, na mawe ya kule ni meusi, punje huzioni kwa macho, mengine yana matundu kama mkate na mengine mepesi mpaka yanaelea kwenye ndoo ya maji. Sababu ni kwamba uji wa volkano ukitoka nje unapoa haraka na punje hazipati muda wa kukua. Punje kubwa kama za jiwe lako zinahitaji kupoa polepole sana, na hiyo inatokea chini ya ardhi tu, kilomita nyingi chini, gizani, kwa muda ambao hata ukiutaja mtu hausikii. Kwahiyo hilo jabali unaloliona juu ya kilima, siku linazaliwa lilikuwa chini kuliko shimo lolote ambalo binadamu amewahi kuchimba Iringa.

Hapo ndo watu wananiuliza, sasa limepandaje? Jibu langu huwa ni kwamba mawe hayakuja, udongo ndio uliondoka. Yale mawe yapo palepale yalipokuwa, kilichokuwa juu yake na kilichokuwa kati yake ndicho kimeliwa na mvua na kubebwa na mto. Hili ukilishika vizuri mengine yote, pamoja na kiwanja, yanajieleza.

Miamba ya huko kwenu ni mizee mno. Iringa iko ukingoni mwa kile kiini kigumu cha zamani cha katikati ya Tanzania, ambacho kina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwenye ukingo huo kuna mkanda wa miamba iliyokunjwa na kupikwa upya miaka kama bilioni 2 iliyopita, wajiolojia tunauita Usagara. Kuna kilima kinaitwa Yalumba kwenye mkanda huohuo ambacho kina mwamba unaitwa eklogaiti, na huo hauumbiki mpaka mwamba ushushwe chini sana ukabanwe, na wa hapo inaonekana ulikuwa sakafu ya bahari, ni mmoja wa ile ya zamani zaidi inayojulikana duniani. Watu wanapita zao kwenda Dodoma wanaangalia mibuyu, hawana habari kwamba maeneo hayo zamani kulikuwa na bahari iliyomezwa. Mi huwa inaniuma kidogo, ila tuendelee.

Sasa mwamba uliokaa chini umebanwa na uzito wa kilomita za miamba juu yake. Mvua na mito wanapokwangua juu mwaka hadi mwaka, ule uzito unapungua, na mwamba unapumua, unatanuka kidogo. Mwamba mgumu ukitanuka unapasuka. Nyufa nyingine zinalala sambamba na uso wa ardhi, ndo maana unaona majabali yanabanduka vigae vigae kama maganda ya kitunguu, na nyingine zinasimama wima, zinakatana, mwamba unagawanyika kuwa maboksi bado ukiwa umefukiwa, hakuna jicho lililouona. Maji ya mvua yanashuka kwenye zile nyufa. Maji ya mvua yana utindikali kidogo, na yakipita kwenye udongo wenye majani yaliyooza yanazidi. Yanaanza kuila ile feldispa, inageuka udongo wa mfinyanzi, ulanga mweusi unapata kutu, ndo ule wekundu wa udongo wa Iringa unaokuchafulia suruali, na kwatzi yenyewe hailiki, inabaki punje, ndo mchanga.

Ushawahi kuacha kipande cha sabuni ya mche kwenye kisahani chenye maji? Kimekatwa kikiwa na kona nne kali, baada ya siku mbili kona zimekwisha, kimekuwa duara. Kwa nini kona? Kwa sababu kona inashambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, na uso upande mmoja tu. Maboksi ya graniti chini ya ardhi yanafanywa hivyohivyo, yanaoza kuanzia kwenye kona, mpaka katikati panabaki mabonge ya mviringo ya jiwe zima yamezungukwa na mwamba uliooza. Huo uliooza ukiushika unaona bado una sura ya graniti, punje zote zipo mahali pake, ila ukiufinya unamomonyoka mkononi kama keki kavu. Mafundi wengi wanauita moramu tu na kuumwaga kwenye msingi.

Na usinisadiki kwa maneno, nenda popote greda ilipokata mteremko kufungua barabara, simama uangalie ule ukuta. Utaona mabonge ya mviringo yako ndani ya ule mwamba uliooza kama viazi kwenye tuta, hayajawahi kuliona jua. Yale ni majabali ya kesho. Mvua zikiondoa kile kilichooza, viazi vinabaki vimepandana palepale vilipokuwa, na hilo lako lililopachikwa juu ya wenzake halikupachikwa na mtu, lilikuwa boksi la ghorofa ya juu, ukuta wake ukaondoka likashuka taratibu sentimita kwa sentimita mpaka likamkalia wa chini yake.

Gangilonga ni habari hiyohiyo, lile jiwe wanalosema Wahehe kwamba linaongea, ambalo Mkwawa inasimuliwa alikuwa anakwenda kukaa juu yake kutafakari. Mimi siwezi kukwambia aliambiwa nini pale, ila vigae vya graniti vilivyobanduka chini kukawa na uwazi, ukivigonga kwa jiwe dogo vinatoa sauti ya debe tupu, na hiyo sauti tutaihitaji hapo mbele kwenye kiwanja chako.

Udongo wote ulioondoka ulikwenda wapi? Sehemu yake unaiona kila siku, inapita pale chini Ipogolo rangi ya chai ya maziwa masika yakikolea. Ruaha Mdogo unatoka huko juu nyanda za Mufindi, unapita chini ya mji, unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu, na mchanga na tope vinafika bwawa la Mtera, huko vinatulia. Iringa mjini uko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari na Mtera ni karibu mita 700 tu, kwahiyo mto una mita mia kadhaa za kushuka, na mto wenye mteremko wa namna hiyo una meno. Sehemu nyingine ya udongo ilituama njiani kwenye vibonde. Isimila, pale kama kilomita 20 ukielekea Mbeya, zile nguzo ndefu wanazokwenda kupiga picha maharusi ni mashapo ya mchanga na tope yaliyotua kwenye maji yaliyotulia, halafu baadae kijito kikaja kikayachonga. Kwenye mashapo hayo ndo yalikutwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, walichimba wataalamu kutoka Chicago mwaka 1957 na 1958, na umri wake unakadiriwa miaka 260,000 hivi. Ukienda usiishie kwenye picha, tazama hizo shoka zimetengenezwa kwa nini. Nyingine ni graniti, nyingine kwatzi, na nyingine ni jiwe linaitwa milonaiti, yani mwamba uliosagwa pale ambapo vipande viwili vya nchi vilisuguana, ukashikana tena ukawa mgumu na unaokatika kwa makali mazuri. Wale wazee walijua jiwe kuliko mafundi wa leo, nasema tu.

Hiyo milonaiti inakwambia kitu kingine, kwamba nchi hiyo ina mistari ya udhaifu, sehemu ambazo ilikatika na kusuguana zamani. Mto hauna akili lakini ni mvivu, unafuata palipo laini. Palipovunjikavunjika panaoza haraka, mto unaingia hapo unachimba, na palipo pazima panabaki juu kama kilima. Halafu ongeza kwamba nchi nzima huku iliinuliwa na kukatwa na mipasuko mikubwa, hiyo hata wewe umeihisi tumboni basi linapopanda Kitonga, kule chini Mbuyuni joto na mibuyu, unazunguka kona unazunguka kona, ukifika Ilula unatafuta sweta. Na ukienda Dodoma unashuka Nyang'oro hivyohivyo. Mji wa Iringa umekaa kwenye bega la nchi iliyoinuliwa namna hiyo, na jina lenyewe linatokana na lilinga, ngome kwa Kihehe. Simama ukingoni pale uangalie chini utaelewa kwa nini mtu anayejenga ngome angependa nchi kama hii.

Haya, kiwanja.

Cha kwanza kabisa tofautisha jiwe lenye mzizi na jiwe lililokaa. Lenye mzizi ni kichwa tu cha mwamba mkubwa ulioendelea chini, hilo halina pa kwenda. Lililokaa ni lile bonge la kiazi, limebebwa na wenzake au na udongo. Zunguka kila moja lililo juu ya eneo lako, piga magoti kabisa uchungulie chini yake. Ukiona linaingia ardhini moja kwa moja na nyasi zimeshika pembeni, vizuri. Ukiona uwazi unaopitisha mkono, na ukigonga upande huo linatoa ile sauti ya debe tupu, hilo linahitaji kuangaliwa. Tazama kama maji ya mvua yanapita chini yake yanakula udongo, kama kuna kovu jipya la rangi safi ambapo kipande kimetoka karibuni, kama mzizi wa mkuyu umeingia kwenye ufa (mzizi ule unanenepa kila mwaka, hauna haraka lakini haurudi nyuma), na kama miti midogo iliyo chini yake imeinama kuelekea bondeni. Majabali mengi ya Iringa yamekaa hivyo kabla ya babu wa babu yako na yataendelea kukaa, mimi sitaki nikutishe. Yanayoniogopesha mimi ni watu.

Nakueleza kwa nini. Chini ya mawe yaliyobebana kuna vijiwe vidogo vimebanwa, ukubwa wa kichwa au wa debe, unaona kama takataka tu. Hivyo ndo kabari zinazoshikilia mzigo. Sasa wapasua kokoto wanavipenda hivyo kwa sababu vinabebeka. Mama anakaa chini ya mwavuli na nyundo, anazungushia jiwe mpira wa tairi ili vipande visimrukie usoni, anapiga kutwa nzima, na mimi simlaumu ana watoto, lakini kijana anayemletea mawe akizitoa kabari kwenye jabali lililo juu ya kitanda chako hiyo ni habari nyingine. Na kuna wanaochoma. Wanapanga kuni au matairi juu ya jabali, moto unawaka masaa, halafu wanamwaga maji ya baridi, kigae chote kinabanduka kwa mlio kama bunduki. Jiwe lililobaki linakuwa na nyufa mpya ambazo hazikuwepo jana. Kwahiyo kabla ya kuuliza habari ya jiwe, uliza jirani wa juu ni nani na anafanya nini, na wakati wa kujenga wewe mwenyewe usikubali fundi achukue kokoto "hapohapo" ili mpunguze gharama. Wala usimruhusu akate mguu wa mteremko kwa greda apate uwanja wa kupaki gari, ule mguu ndo umebeba kila kitu kilicho juu.

Msingi sasa. Hapa ndo nimeona hasara nyingi kuliko ya jiwe kudondoka. Niliitwa kwenye nyumba moja, nzuri tu, bati za rangi, ina ufa umeanzia kona ya dirisha la sebuleni unashuka ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali mpaka chini. Fundi ameuziba na saruji mara tatu, kila masika unafunguka. Nikaomba tuchimbe nje, upande wa kulia msingi umekaa juu ya jabali, upande wa kushoto umekaa juu ya ule mwamba uliooza pamoja na kifusi walichojazia kusawazisha. Upande mmoja haushuki kamwe, mwingine kila ukilowa unashuka kidogo, na nyumba inachanika katikati yao. Mwenye nyumba alikuwa anadhani amerogwa. Kwako kwenye mteremko wenye viazi vya mawe hilo linakusubiri kabisa, kwahiyo kabla ya ramani chimba mashimo ya majaribio, manne kwenye kona na moja katikati, ushuke mpaka ujue chini kuna nini kila sehemu. Ikiwezekana nyumba yote ikae kwenye kitu kimoja, kama haiwezekani mtafute injinia, hapo fundi peke yake hatoshi, kuna namna ya kuifunga kwa nondo au kuikata nyumba iwe vipande viwili vinavyojitegemea. Na mtaro wa kukinga maji juu ya nyumba ujengwe kabla ya nyumba.

Maji. Graniti nzima haina maji, ukichimba mita 100 kwenye jabali zima umenunua vumbi. Maji yanakaa sehemu mbili, kwenye ule uliooza, hasa pale chini unapokutana na mwamba mzima, na kwenye nyufa za juu za mwamba. Kwahiyo juu ya kilima penye mawe mengi ni pabaya kwa kisima, udongo umeshaondoka na maji yake, na jinsi unavyoshuka kuelekea bondeni uozo unakuwa mnene na nafasi inaongezeka. Kama kiwanja chako ni kirefu, sehemu yake ya chini ndo ya kuangalia. Tafuta mstari wa miti inayobaki ya kijani mwezi wa tisa na wa kumi wakati kila kitu kimekauka, mara nyingi mstari huo umekaa juu ya ufa. Halafu lipia wapimaji waje na mashine inayopitisha umeme ardhini, ni bei ndogo ukilinganisha na kuchimba patupu. Kuchimba kwenyewe kuna kibali, unakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, bahati nzuri ofisi zao ziko hapohapo Iringa. Shimo la choo liwe upande wa chini wa mteremko kuliko kisima na mbali nacho, kwa sababu maji ya kwenye nyufa hayachujwi, yanapita tu. Na kama kiwanja kinashuka mpaka karibu na mto, kumbuka mita 60 kutoka ukingoni sheria ya mazingira ya 2004 haikuruhusu kufanya shughuli za kudumu, usije ukauziwa mto.

Kuhusu hilo jiwe la juu kabisa ulilosema limepachikwa, sitalihukumu kwa simu. Fanya hivi. Chukua saruji kidogo na mchanga laini, pandika ukanda mwembamba upana wa vidole viwili ukivuka mahali jiwe la juu linapokutana na la chini, sehemu tatu tofauti, na nyingine juu ya ufa wowote unaoutilia shaka. Safisha ukungu kwanza ili ishike. Andika tarehe kwa msumari ikiwa bado mbichi, piga na picha. Subiri masika yapite, yani mpaka mwezi wa tano hivi. Ukienda ukakuta hata ukanda mmoja umepasuka kwa mstari safi, nipigie kabla hujamwaga zege, nitapanda mwenyewe kuja kuangalia.